Gauni Lisilopwaya

Mafundi cherehani wengi wanaishi kwa uongo wa "njoo kesho". Huyu hakuwa na uongo huo. Makosa yake yalikuwa mengine. Mtaani walimwita Futi, kwa sababu futi ya kamba ilining'inia shingoni mwake kama pambo tu. Alikutazama ukivuka barabara, akajua kiuno chako, na akajua pia kama umekula au bado. Wanawake wanene wakipita mbele ya kibanda chake walikuwa wanavuta tumbo ndani, naye anacheka, "Vuta tu dada, nimeshakupima."

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Futi alimwita Mwalimu hata wakiwa wawili chumbani, naye akamwita Fundi. Binti yao mmoja alikuwa ameolewa mbali, nyumba ikabaki ya watu wawili na utani wao. Tangu aolewe na Futi, Mwalimu hakuwahi kuvaa nguo ya dukani, na magauni yalimkaa kama kazaliwa nayo. Futi alijivunia hilo kuliko kitu kingine chochote. "Siku mke wa fundi akipwaya," alikuwa akisema, "fundi na afunge kibanda." Watu walicheka, na msemo huo ndio uliokuja kumponza.

Ilianza na gauni la bluu lenye kola nyeupe. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya likizo, Mwalimu akalivaa, likaning'inia.

"Fundi, cherehani yako imelegea siku hizi," alimtania.

"Au mwenye gauni ndiye kalegea," Futi akajibu.

Akaligeuza ndani nje, akalibana kwa pini mwilini mwake palepale, na kabla chai haijapoa alikuwa amekwisha kulipunguza ubavuni. Mwalimu akaenda shule amependeza. Walimu wenzake wakamsifu, wakamwambia mume wako anakupenda, na kweli alikuwa anampenda.

Haukupita muda gauni likapwaya tena. Futi akalibana tena. Na tena. Kupwaya kulipofika mabegani, ambako huwezi kubana bila kuharibu mkono wa nguo, akaweka sponji. Kifuani akatia bitana nzito. Kuna fundi mwingine angetupa mkasi chini na kuuliza, "Mke wangu, unakwenda wapi?" Futi aliona kazi ngumu imemjia, na kazi ngumu ilikuwa ndiyo raha yake.

Homa nazo zilikuwa zinakuja na kuondoka. Mwalimu alinunua dawa za malaria kwenye duka la dawa, akapata nafuu siku chache, homa ikarudi, akanunua nyingine. Hakuna aliyempima. Asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho kama limetoka kufuliwa, wakasema ni joto. Darasani alianza kufundisha ameketi, yeye ambaye watoto walimwogopa kwa kutembea kati ya madawati. Mikononi na mapajani zikamtoka alama za bluu za damu kuvilia, bila kugongwa popote. Wakalaumu kona za madawati, na Futi akamrefushia mikono ya magauni yote ili wazazi wa wanafunzi wasije wakadhani anapigwa nyumbani.

Kisha likaja jambo ambalo fundi hakulitegemea. Mabega na kifua vinapungua, lakini tumbo, upande wa kushoto chini ya mbavu, linajaa. Mwalimu akila matonge mawili anasukuma sahani, anasema ameshiba. Futi akafumua mshono wa kushoto peke yake, akauachia, akauacha wa kulia palepale. Alipomaliza, gauni lilikuwa na ubavu mmoja mpana kuliko mwenzake, na ungekaa kutwa ukilitazama usingeona.

"Au kitinda mimba yuko njiani?" Futi aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Katika umri huu? Acha wazimu wako!" Mwalimu akampiga begani kwa futi ya kamba. Walicheka wote wawili. Kisha kila mmoja, kimyakimya, akatumaini.

Inauma kulisema hili, na inatia hasira pia. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Futi hakuuziba wala hakuuacha. Aliupaka chokaa, na kwa kuwa alikuwa fundi hodari, chokaa ilikaa vizuri. Mwalimu mkuu hakuona kitu, majirani hawakuona kitu, binti alipokuja kusalimia hakuona kitu. Mtu akikonda kama ng'onda ndani ya nguo inayopwaya, mtaa mzima utamuuliza ana nini. Huyu alikonda ndani ya nguo zinazomkaa, na akaambulia sifa.

Aliyegundua ni mdogo wa kike wa Mwalimu, aliyefika kutoka mbali bila taarifa, kama kawaida yake. Aliingia na utani mdomoni. "Shemeji, muda wako umekwisha, nimekuja kumchukua dada yangu!" Akamkumbatia dada yake kwa nguvu, na kicheko chake kikakatika. Mikono yake ilikuwa imepita kwenye sponji, ikapita kwenye bitana, ikafika kwenye mifupa.

"Dada, vua hilo gauni."

"Mbele ya shemeji yako?"

"Si mumeo? Vua."

Mwalimu akavua, mchana, dirisha likiwa wazi na mwanga wote ndani. Futi alikuwa ameuona mwili huo kila siku, lakini akiwa na chaki mkononi na gauni akilini. Sasa aliuona hauna gauni. Mbavu zilihesabika, mapaja yalikuwa na madoa, na upande wa kushoto wa tumbo ulikuwa umetuna kama mtu aliyeficha bakuli.

"Shemeji," mdogo mtu akasema, na hapakuwa tena na utani, "wewe hayo macho ni ya nini?"

Hospitalini walimtoa damu kidogo mkononi, kazi ya muda mfupi tu, mtu anaweza kuifanya akiwa njiani kwenda sokoni. Kipimo hicho kilitosha kuwashtua waliokisoma. Wakapelekwa hospitali kubwa, Mwalimu akatolewa kipimo kingine kwenye mfupa wa nyonga, kisha daktari, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini, akawaita wakae.

"Ni saratani ya damu," alisema. "Sisi tunaiita lukemia."

"Damu nayo inaota uvimbe?" Futi aliuliza.

"Hapana, baba. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kuna chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili. Za mama zinatengenezwa mbovu, na nyingi kupita kiasi. Zimejaza nafasi, ndiyo maana damu nyekundu imepungua na anachoka. Chembe za kugandisha damu zimepungua, ndiyo maana ana hizo alama. Askari ni wengi lakini hawapigani, ndiyo maana homa haziishi." Akagusa ubavu wake mwenyewe wa kushoto. "Na huku kuna wengu, yaani bandama. Umevimba, unabana tumbo, ndiyo maana anashiba upesi."

Futi akaitazama mikono yake. Ubavu wa kushoto. Alikuwa ameuachia mshono kwa mkono wake.

"Inatibika?"

"Aina hii ikikamatwa mapema, mgonjwa anameza vidonge vyake kila siku na anaendelea na kazi. Ninao wanaolima, ninao wanaofundisha kama yeye. Ila ikiachwa huwa inageuka na kuwa kali." Daktari akachukua kalamu. "Ya mama imeshageuka. Tutajaribu, lakini sitaki kuwadanganya. Alianza lini kupungua?"

Futi alitaja likizo ile. Akasema alipungua wapi kwanza na wapi baadaye, mabega yalianguka lini, tumbo likaanza kujaa lini. Alikumbuka kila kitu, maana vipimo havikuwahi kumtoka kichwani. Daktari aliacha kuandika.

"Baba, yote haya uliyaona?"

"Niliyaona."

"Ukafanya nini?"

"Nilirekebisha nguo," Futi akasema.

Walianza dawa kali. Nywele zikadondoka, kinywa kikachubuka. Wodini Mwalimu alivalishwa gauni la hospitali, lile la kufungwa mgongoni, lililokatwa kwa ajili ya mtu yeyote na kwa hiyo halimkai mtu yeyote. Lilimwelea. Futi aliketi kando ya kitanda akilitazama, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye kola ya shati lake alipochomeka pini. Akashika kitambaa kilichozidi begani mwa mkewe, akakikunja.

Mwalimu akamshika kiganja. Hakuwa na nguvu, lakini alimshika.

"Fundi, liache lipwaye."

Futi akalia palepale, mbele ya wagonjwa na wauguzi, kamasi na machozi pamoja.

"Usijibebeshe peke yako," Mwalimu akamwambia. "Hata mimi nilijua. Kila nikikuletea gauni nilikuwa nataka uniulize. Ukawa huniulizi, nikaona labda si kitu."

Alikufa kabla mvua hazijaisha, kwa homa ambayo mwili wenye askari wazima ungeifukuza. Binti alikuja, shemeji alikuja, walimu wenzake walikuja. Mmoja wao alilia akisema, "Na alivyokuwa akipendeza!" Futi akainuka akatoka nje.

Alifunga kibanda, kama alivyokuwa ameahidi. Siku moja akatoa gauni la bluu kabatini na kulifumua taratibu kwa ncha ya wembe. Akaondoa sponji na bitana, akalipiga pasi na kulitandaza ndani nje. Kitambaa husahau vingi, lakini sindano ikipita tundu linabaki. Mistari ya matundu ilikuwa imepangana ubavuni, mmoja kando ya mwingine, ikisogea ndani, na kila mmoja umenyooka. Hakuna hata mmoja aliokosea. Akalia tena.

Akafungua kibanda baadaye, maana mtu lazima ale. Gauni lile akalitundika ukutani, lile lile, ndani nje.

Siku ya soko alikuja msichana mmoja mwenye haraka, akatupa suruali mezani.

"Ya baba. Nipunguzie kiunoni, inamdondoka. Fundi wa kule aliwahi kuipunguza, imelegea tena."

Futi hakuigusa. "Baba ana homa homa?"

"Si uzee tu? Mimi nimeleta suruali, sijamleta baba."

"Ndiyo maana siishoni. Mpeleke kwanza akapimwe damu. Inawezekana si kitu. Akikutwa mzima, nitaishona bure."

Msichana akacheka kwa dharau. "Kumbe siku hizi umekuwa daktari?"

Futi akalishusha gauni la bluu, akalitandaza juu ya suruali, akamwonyesha mistari kwa kidole, mmoja baada ya mwingine.

"Ningekuwa daktari mke wangu angekuwepo," akasema. "Mimi ndiye niliyempunguzia nguo mpaka mwenyewe akaisha."

Msichana aliitazama ile mistari kwa muda. Akaivuta suruali kutoka chini ya gauni, akaikunja, akaiweka kwapani. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza hospitali inafunguliwa saa ngapi.