Kimea cha Yaya Feza

Harufu ya kimea kilichokaa siku nyingi ina utamu kidogo, ina moshi, na nyuma yake kuna kitu cha chumba kisichofunguliwa. Mwezi uliopita jirani yangu alifungua kopo alilolikuta jikoni kwa marehemu mama yake, akalisogeza puani pangu na kuniuliza kama ule ulezi uliooteshwa na kukaushwa ungali unafaa kupikia pombe. Aliniuliza mimi kwa kuwa nimesoma chuo kikuu. Nilisoma historia. Hata hivyo nilimjibu, maana jambo hilo nililifahamu tangu utotoni, na namna nilivyolifahamu sikumwambia. Ninyi nitawaambia.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa na umri wa miaka minane hivi, nikikaa Baraka, mji wa kando ya ziwa, kwa nyanya, mama yake baba. Pamoja nasi alikaa Feza, binti wa baba yangu mkubwa, niliyemwita yaya kama tunavyowaita dada wakubwa. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, yeye ndiye aliyenisugua ziwani kwa jiwe mpaka nikalia, na kwake ndiko nilikolala, miguu yangu imebanwa kati ya yake. Nilimhesabu kuwa wangu kama ninavyohesabu goti langu.

Kisha akaja Etiene wa Lubondja na baiskeli yake, aliyokuwa akiipangusa hata wakati wa kusalimia. Alileta kitenge, kioo na sabuni yenye harufu. Mimi sikuletewa kitu. Tangu siku hiyo Feza alinisuka akiwa amekitegemeza kile kioo mbele yake, na mistari ya nywele zangu ikawa inakwenda kama njia ya mbuzi.

Kwetu msichana aliyechumbiwa aliotesha ulezi kwa mikono yake mwenyewe. Pombe ya kuwapokea wakwe haikupikwa kwa kimea cha mtu mwingine. Feza aliuloweka, akaufunika kwa majani ya migomba hadi ukatoa vimizizi, akauanika, akautia katika kibuyu. Lakini baba yake Etiene akafariki, na matanga yakasimamisha kila kitu. Kibuyu kikaning'inia juu ya moshi wa jiko mwaka mzima. Mara kwa mara Feza alikishusha, akakifungua, akanusa huku amefumba macho. Nilikionea wivu hata kile kibuyu.

Mwishowe habari ikaja: wageni watafika baada ya siku kumi. Siku hizo zilitosha kupika pombe, hazikutosha kuotesha ulezi mwingine. Nyumba nzima ikawa na swali moja tu. Hata majirani zetu Waprotestanti, walioiombea pombe yetu ipotee kila Jumapili na kumtuma mtoto na kikombe kila ilipoiva, walikuja kuuliza.

"Kimea ya mwaka mzima iko muzima ao imekufa?" nyanya alisema. "Tutaiuliza yenyewe."

Namna ya kukiuliza ilikuwa hii. Unapika uji mzito, unauacha upoe kiasi, unakoroga humo kimea kidogo kilichosagwa, unafunika. Kama kingali hai, uji unalegea kama maji na kuwa mtamu bila sukari. Kama kimekufa, unabaki vilevile. Kazi hiyo nyanya alinipa mimi, kwa sababu yeye na Feza walikuwa wakisugua mitungi.

"Tia kidole mu uji, useme Salamu Maria," aliniagiza. "Ukifika 'umejaa neema' bila kutoa kidole, weka kimea. Ukiweka mbele ya hapo, moto itaiua."

Sikutia kidole, wala sikumsumbua Maria. Niliutia unga wa kimea katika uji uliokuwa ukitokota, nikakoroga haraka, nikafunika chungu kwa sahani na nguo juu yake. Nakumbuka vizuri nilichokiwaza: kama kimea kitakufa, wageni hawatakuja, na kama hawatakuja, Etiene atatafuta msichana mwingine wa kumpelekea kioo.

Nyanya alipofunua, mwiko ulisimama wenyewe.

"Onja," alimwambia Feza. "Mwenye kimea ndiye anaonja."

Feza akachota kijiko kizima. Juu uji ulikuwa umepoa; ndani ulikuwa bado moto wa jikoni. Nilimwona akikaza shingo. Machozi yakamjaa. Aliukalisha uji ule mdomoni, akanitazama mimi, akameza.

"Imekufa, nyanya," alisema.

"Usilie, mutoto wangu. Tutaotesha ingine," nyanya alimwambia, akimpangusa uso kwa kanga.

Kimea kikaenda kwa kuku, ambao walikifurahia mno. Ujumbe ukapelekwa Lubondja, na wageni wakangoja karibu miezi miwili. Nililala na miguu yangu kati ya miguu ya Feza usiku wote huo wa ziada, nikijiona mjanja kuliko nyumba nzima. Kisha wakaja, wakanywa, wakamchukua.

Nilikwenda kumtembelea miaka michache iliyopita. Sasa ana wajukuu, na mimi nina mvi na tabia ya kuungama mambo ya kale baada ya kula.

"Yaya, ule uji ulikuwa moto," nilimwambia.

"Unaniambia mimi? Ulimi ilikuwa ya nani?"

"Ulijua? Sasa mbona haukusema?"

Aliendelea kuchambua maharage.

"We ulikuwa na wivu. Mi nilikuwa na woga. Huku Lubondja nilikuwa sijui hata mutu mumoja. Batu bote baliuliza kama kimea iko muzima. Mi hakuna mwenye aliniuliza."

Miaka yote nilikuwa nimeitunza dhambi ile kama yangu peke yangu, na kusema kweli niliionea fahari kidogo. Sikuwahi kufikiri kwamba aliyekuwa akinusa kibuyu macho yamefumbwa huenda alikuwa akikiomba kioze.

Nje Etiene akaita, sauti ya mzee asiyeona miwani yake. Feza akaweka ungo chini, akainuka kabla hajaitwa mara ya pili, na usoni hakuwa na woga wowote. Nilibaki na maharage. Nikagundua, na shahada yangu na mvi zangu, kwamba yule mwanamume sijamsamehe bado.