Mwaka Nilioitwa Zainabu

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa utaratibu wake wote: nilichovaa, niliposimama, na jina nililoitikia. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa pili, katika shule moja ya msingi huko juu Newala. Ukungu ulikuwa umeshuka hata bendera haikuonekana mlingotini. Mwalimu wa zamu alikuwa akiita majina ya darasa la saba. Akafika kwa Zainabu. Kimya. Akaita tena. Msichana aliyesimama nyuma yangu akanifinya mkono.

"We, si unaitwa?"

Ndipo nikaitikia, "Nipo, mwalimu."

Mimi jina langu ni Hilda. Nimezaliwa Chiungutwa, katika nyumba ya Waanglikana ambamo babu alikuwa mwalimu wa dini na kitabu cha sala kilikuwa kikongwe kuliko watu wote. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimefanya mtihani wa darasa la saba kwa jina hilo la Hilda, na sikuchaguliwa. Siku zile waliokwenda sekondari walikuwa wachache sana, na kurudia darasa la saba kulikuwa kumekatazwa. Lakini watu walikuwa na njia yao. Akipatikana mtoto aliyeacha shule, jina lake liliombewa uhamisho kwenda shule ya mbali ambako hajulikani, na mtoto mwingine akalivaa kama koti. Akifaulu, analo jina hilo mpaka kaburini. Wapo watu wazima leo, wenye heshima zao, ambao mama zao huwaita jina moja na vyeti vyao huwaita jingine.

Aliyenitafutia jina ni mjomba wangu, Stefano. Kwetu kusini neno la mjomba juu ya watoto wa dada yake ni zito, basi alipokuja na baiskeli na kusema, "Jina limepatikana, kesho tunapanda Newala," mama alinifungia nguo tu. Zainabu mwenyewe, tuliambiwa, aliacha shule akiwa darasa la sita ili amuuguze bibi yake aliyevunjika mguu akitoka kuteka maji bondeni. Mjomba wake na mjomba wangu walifahamiana kwenye biashara ya korosho. Walikubaliana wao wawili. Mimi sikuulizwa, na yeye hakuulizwa. Lakini nisijifiche nyuma ya wajomba, mwanangu. Nilifurahi. Niliwaza kwamba nimepewa mlango, sikuwaza mlango huo ni wa nani.

Nilipangishiwa kwa Mama Bakari, mjane aliyekuwa jamaa ya mke wa mjomba. Alinipokea vizuri, akanionyesha mkeka wangu na tangi la maji ya mvua, akanionya kwamba huku juu maji hayamwagwi ovyo kama kwetu bondeni. Hakuuliza jambo lolote kuhusu jina.

Taabu ya kwanza ilikuja siku ya kipindi cha dini. Wakristo walikwenda chumba kimoja, Waislamu kingine. Nilianza kuelekea kwa Wakristo, nikakumbuka mimi ni nani, nikageuka. Nilikaa mwisho kabisa. Ustadhi, mzee mpole mwenye sauti ya chini, akaniomba nisome Alhamdu. Nikainamia daftari.

"Zainabu gani huyu hajui hata Alhamdu!" akasema kijana mmoja, na darasa zima likacheka.

"Mwacheni," ustadhi akasema. "Huenda alikosa wa kumfundisha. Mwanangu, utakaa hapa karibu nami, tutaanza mwanzo."

Upole wake ulinichoma kuliko kicheko chao. Yule mzee alikuwa ananifundisha kwa moyo safi, na mimi nilikuwa namdanganya kila wiki, nikiwa nimejifunga mtandio wa kuazima.

Mwezi wa nne, wakati wa mapumziko, nilikuwa kwenye tangi la shule nikinawa mikono. Akaja msichana mwembamba, sare yake imembana mabegani, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini.

"Samahani, dada. Namtafuta Zainabu wa darasa la saba."

"Ni mimi."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. "Zainabu nani?"

Nikataja jina lote, na la baba, kama nilivyofundishwa.

"Na bibi yako anaitwaje?"

Sikujua. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nikabaki nimeshika kopo. Yule msichana akaanza kucheka, mwanangu, akacheka kwa kweli, akiwa ameshika kiuno.

"Anaitwa Asha," akasema. "Sasa kama umechukua jina, chukua na bibi. Njoo jioni umkande mguu, mimi nimechoka."

Ndivyo nilivyokutana na Zainabu. Shangazi yake alikuwa amehamia kwao kumtunza bibi, naye akarudi shuleni kwake kuomba aendelee. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akamwambia, "Wewe ulishahama." Akauliza amehamia wapi. Akatajiwa shule yetu. Basi akatembea mwendo wa saa nzima kuja kujitafuta.

Nilitegemea apige kelele. Nilitegemea anivute nguo mbele ya watu. Akaniuliza, "Hisabati mmefika wapi?"

"Sehemu. Kugawanya sehemu kwa sehemu."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Kesho yake akaja tena wakati uleule. Na keshokutwa. Alikaa upande wa nyuma wa tangi ambako walimu hawamwoni, nami nikimpa daftari langu. Kufikia juma la pili yeye ndiye aliyekuwa ananieleza. Mimi nilikuwa nageuza sehemu ya pili juu chini kwa sababu mwalimu alisema igeuzwe. Zainabu alichukua muhogo wa kuchemsha aliokuja nao, akaukata nusu, akaniuliza nusu ile ina robo ngapi. Mbili. "Basi umeshagawanya," akasema, akala robo moja. Sijawahi kusahau hesabu ile, na sijawahi kumwona mtoto aliyenyang'anywa kitu akamfundisha aliyemnyang'anya namna ya kukitumia.

Sasa nikuambie kosa langu, maana kuchukua jina kulikuwa kosa la wajomba kwa sehemu kubwa. Langu lilikuwa kunyamaza. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi majina ya watahiniwa yanapelekwa wilayani. Baada ya hapo Zainabu atakuwa yule aliyeandikwa. Nililijua hilo. Yeye pia alilijua, wala hakuniomba. Kila siku nilimpa daftari nikijiona mwema, na moyoni nilikuwa nahesabu siku, nikitumaini mvua au uchovu vitamzuia asije tena. Hakukosa hata siku moja.

Jumatano ya juma lile Mama Bakari alikuwa anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, jikoni, mimi nachochea moto. Akasema bila kuinua macho:

"Yule mtoto wa kule bondeni. Anatembea saa nzima kuja, saa nzima kurudi, kusoma dakika ishirini."

"Ndiyo, mama."

"Ukifaulu wewe, barua itamtaja yeye. Akifa leo, kwao watasoma dua, na wewe utakuwa darasani unaitikia." Akatupa ganda. "Mimi si mama yako, sikuchagulii. Ila usiniambie hujui."

Alinipa ming'oko miwili, akaendelea na kazi yake.

Asubuhi ya Alhamisi nikaenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilisahau hata salamu, akanikumbusha kwa kunitazama tu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Mimi si Zainabu."

Aliweka kalamu chini. Aliinuka akafunga mlango. Nadhani alijua tangu mwanzo, na alikuwa anaogopa kuliko mimi.

"Unajua ukitoka hapa huna pa kwenda? Mtihani huu hutaufanya tena."

"Najua, mwalimu."

"Mjomba wako anajua?"

"Hajui."

Akarudi kitini. Kisha akasema, "Basi kamwite."

"Nani, mwalimu?"

"Zainabu."

Nikamngoja kwenye tangi mpaka mapumziko. Nilipomwambia hakucheka wala hakulia. Aliuliza, "Na wewe?" Nikasema narudi kwetu. Akauliza, "Kwenu wapi hasa?" Nikamtajia kijiji, na kanisa, na njia inayopita kwenye mikorosho ya babu. Nilidhani anauliza kwa adabu tu.

Mjomba Stefano hakuzungumza nami mpaka msimu wa korosho ukaisha. Neno lake la mwisho kabla ya kununa lilikuwa, "Nilikupandisha mlima kwa mgongo wangu, umeshuka mwenyewe." Mama alinipa jembe, tukapalilia. Niliwaona wenzangu wakipita na madaftari na nikajiambia kwamba kwangu mambo ya shule yamekwisha.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja, tukiwa shambani, tukasikia mtu anapiga hodi njiani.

"Hodi! Hapa ndipo kwao Zainabu?"

Mama akanyoosha mgongo. "Hapa hakuna Zainabu, mwanangu."

"Yupo, mama. Yule aliyekuwa mimi."

Alikuwa ameshuka kwenye baiskeli ya kuazima, sare mpya ya sekondari, mfuko wa madaftari begani. Alichaguliwa kwenda shule ya bweni Masasi, na alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja. Akamwamkia mama kwa kupiga magoti, akala ugali wetu, kisha akanitolea madaftari yote ya muhula wake wa kwanza.

"Huko kila kitu Kiingereza," akasema. "Nimekuwa wa thelathini na nane."

"Kati ya wangapi?"

"Arobaini." Akatabasamu. "Kwa hiyo wapo wawili ninaoweza kuwasaidia. Na wewe watatu."

Nimekutana na watu wengi wenye akili, mwanangu, lakini wachache waliotaja nafasi ya thelathini na nane bila kuinamisha kichwa. Nyuma ya daftari lake la biolojia aliandika malengo. Sikuona udaktari wala urubani, ambavyo watoto wote wa wakati wetu waliandika wakiulizwa. Aliandika: *Mpaka Idi, nisome ukurasa mmoja bila kuuliza. Mpaka kufunga shule, kurasa tatu.* Chini yake akaacha mistari mitupu, akanipa kalamu. "Andika zako. Kwa jina lako."

Alikuja kila alipopata ruhusa, na kila likizo, kwa miaka minne. Nilisoma kwa madaftari yake na kwa kamusi iliyokosa kurasa zote za herufi A. Mchana nilishona, maana mama mmoja wa kanisani alinifundisha cherehani, na jioni ya mapema, kabla jua halijazama, nilisoma ukurasa niliojipangia, si zaidi wala pungufu. Ilinichukua miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilifanya mtihani wa maarifa, ule wa watu ambao hawakupita sekondari, nikashindwa mara ya kwanza, nikapita mara ya pili. Kisha nikafanya wa kidato cha nne, mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa na mtoto mgongoni siku ya kujiandikisha. Nilifaulu kwa kiasi tu. Zainabu leo anafundisha hisabati Newala. Nimesikia kwamba bado anafundisha sehemu kwa muhogo.

Siku hizi nashona sare za shule hapa Masasi mjini, na nyinyi mnakuja kwangu na fomu zenu za kujiunga, wengine mmetoka shule ya kata kwenda ya bweni, wengine kidato cha nne kwenda cha tano, wengine mnahama kumfuata mzazi. Ninapowapima mabega nawauliza mnataka nini huko mwendako. Wengi mnanijibu kwa malengo ya mtu mwingine: ya kaka, ya mjomba, ya jirani mwenye gari. Ndiyo sababu nimeona niandike haya.

Nakushauri hivi, mwanangu. Ukifika shule mpya, usione aibu kuuliza wenzako wamefika wapi. Zainabu aliuliza hivyo siku ambayo alikuwa na haki ya kugombana, na swali hilo lilimfikisha mbali kuliko ugomvi. Taja nafasi yako ya kweli, hata kama ni ya thelathini na nane, kwa sababu huwezi kuanza safari kutoka mahali ambapo hupo. Panga lengo dogo unaloweza kulipima mwenyewe, ulitimize, kisha upange jingine. Akikupa mtu mzima njia ya mkato, hata akiwa mtu unayempenda na anayekupenda, uliza kwanza njia hiyo inapita juu ya nani. Ukigundua umekalia nafasi ya mwenzako, inuka mapema. Mimi niliinuka siku moja tu kabla ya kuchelewa, na siku zile nilizonyamaza bado zinanisumbua. Na ukiinuka, usidhani elimu imebaki kwenye kile kiti. Ilinichukua muda kulijua hilo, na sikulijua peke yangu, nilikuja kuambiwa na mtu aliyepanda baiskeli.

Mungu akutangulie huko uendako. Akupe walimu wavumilivu na rafiki wa kukupa daftari lake. Akujalie ufaulu kiasi cha bidii yako, na siku matokeo yatakapobandikwa ukutani, ulisome jina lako kwa sauti, na mama yako akiwa pembeni asihitaji kuuliza huyo ni nani. Amina.