Niliikimbia Dar, kisha nikajenga geti Kinole

Wakuu, poleni na majukumu. Nitakayoyasimulia hapa ni kweli tupu, na nayaandika nikiwa nimeinamisha uso.

Baadhi yenu mnaukumbuka uzi wangu wa mwaka jana, nilipowahimiza vijana wenzangu tuihame Dar. Nilieleza kwamba niliishi nyumba ya wapangaji bila kulijua jina la jirani wa mlango wa pili, na kwamba mahali padogo humrudishia mtu utu wake. Mlinipongeza sana.

Juzi mmoja wenu aliniandikia kuwa anafungasha mizigo kwa sababu ya maneno yale. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Nilihamia Kinole, huku juu milimani Uluguru. Nimesomea maendeleo ya jamii (naomba msicheke bado), na kazi yangu ni kuhariri ripoti kwa kompyuta. Nilipanga nyumba ya mzee mmoja anayeishi Morogoro mjini.

Katikati ya uwanja wa nyumba hiyo inapita njia ya miguu. Akina mama huitumia kushuka sokoni na ndizi, mananasi na pilipili manga. Hakuna anayepita kimya. Atasimama, atakuuliza umeamkaje, atataka kujua kwa nini jiko lako halijawashwa.

Aliyenizoea zaidi ni Bi Mwanaidi, bibi wa nyumba iliyo juu ya yangu mlimani. Siku aliyoniuliza kabila nikamjibu Mnyamwezi, alilitua tenga lake la ndizi chini kabisa.

"Kumbe mtani! Basi leo kuku wangu walale ndani."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwizi."

Kwa wasiofahamu: Waluguru na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani hutukanwa, hunyang'anywa embe mkononi, na haruhusiwi kukasirika. Msibani ndiye mwenye kazi ya kuwachekesha wafiwa. Kwa hiyo mimi, mgeni kabisa, nilikuwa tayari nina nafasi yangu pale kijijini. Sikuitafuta, niliikuta inanisubiri.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye kikao cha mtandaoni na mabosi wa Dar. Bi Mwanaidi akaingiza kichwa dirishani.

"Haya, njooni muone! Mnyamwezi kakosa michembe yake ya viazi vitamu, sasa anaongea peke yake!"

Bosi alicheka mpaka akafuta machozi. Wenzangu wote walicheka. Mimi nikaona aibu, wakuu, na hapo ndipo nilipopotea, maana niliona aibu kwa jambo lisilostahili aibu hata kidogo.

Nilimpigia simu mwenye nyumba. Akanijibu, "Fanya upendavyo." Nikaleta fundi, tukazungusha mabati, tukaweka geti na kufuli. Majirani nikawaambia ni kwa ajili ya usalama. Huo ulikuwa uongo. Sufuria zangu zilikuwa zikilala nje na hakuna aliyezigusa.

Hakuna aliyelalamika. Walihamia njia ya nyuma, yenye mteremko mkali, ambayo mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Nikiwa ndani nilizisikia hatua zao, na nilisikia jinsi walivyopunguza sauti wakifika karibu na ukuta wangu.

Utulivu niliupata. Ripoti niliimaliza kabla ya wakati. Ilihusu ushirikishwaji wa wananchi.

Baadaye nilikutana na Bi Mwanaidi sokoni, nikamchokoza: "Shikamoo, bibi! Kuku wangu unanitunzia?"

"Marahaba, baba. Wazima, tunamshukuru Mungu. Kazi zinakwendaje?"

Baba! Kwa adabu kamili, kama anavyosalimiwa afisa aliyekuja kukagua mradi.

Kisha kaka yake Bi Mwanaidi akafariki. Nilikwenda msibani nikiwa nimedhamiria kufanya kazi ya mtani. Mwalimu wa shule ya msingi, Mnyamwezi mwenzangu, alikuwa ameshavaa kofia ya marehemu na kushika fimbo yake, akiiga alivyokuwa akitembea na kukohoa, na wafiwa wakicheka huku machozi yanawatoka.

Nami nikafungua kinywa nianze. Kabla sijamaliza sentensi, mpwa wa marehemu alinijia kwa heshima na kiti cha plastiki.

"Karibu, mgeni. Kaa hapa kivulini, jua kali."

Nilikaa. Watani wengine walikuwa chini, mavumbini, wakitukanwa na kupendwa. Mimi nilikuwa kwenye kiti.

Tuliporudi kutoka mazishini niling'oa mabati yote kwa mikono yangu. Nilidhani wataona na watarudi. Waliona. Wakaendelea kupita nyuma.

Jana mvua ilinyesha sana, njia ya nyuma ikawa haipitiki. Nikamwona Bi Mwanaidi na tenga lake amesimama pale geti lilipokuwa. Hapana kitu tena pale, ni mashimo ya nguzo tu yaliyojaa maji.

"Hodi," akasema.

"Karibu, bibi. Pita tu, geti limeondoka."

"Ahsante, baba."

Alisubiri nimalize kujibu ndipo akavuka. Akapita upesi, macho mbele, kama mtu anayekatiza shamba la watu. Dirishani kwangu hakutazama.

Ndugu yangu unayefungasha, sikuzuii. Yote niliyoyaandika kuhusu huku ni kweli. Lakini nilikudanganya kwa kutokuambia kwamba kujulikana kuna gharama yake: anayekujua atakuingilia dirishani saa asiyokuuliza. Nilitamani kupendwa na majirani huku nikiwapangia pa kupita. Dar sikuikimbia, nilipanda nayo mlimani.

Mlio Waluguru humu, na watani wote, nawaomba mchango wenu: utani uliokatika huungwaje? Mkianza kwa kunitukana, nitashukuru sana.