Mpaka Kuku Atembee

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, niliishi mwezi mzima nikiamini kwamba mguu wa mbwa wangu umo ndani ya mguu wa kuku. Sikusimuliwa kama hadithi. Niliambiwa kama mtu anavyoambiwa kwamba maharage yanataka chumvi, na aliyeniambia alikuwa mwanamke mzee wa Lac Vert aliyeunga mifupa ya watu wa njia yote ya kwenda Sake. Leo nina mvi zangu za kwanza, na bado sijajua kama nicheke au ninyamaze.

Mwaka ule nilikuwa nakaa Mabanga, mtaa wa mji wetu ulio chini ya volkano, kwa shangazi, dada ya baba. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alikwenda Bunagana, mpakani, kutafuta bidhaa za kuuza, akaniahidi viatu baada ya siku nne. Kisha waasi wakafunga barabara, na siku nne zikawa miezi. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watano na sufuria moja, na mimi nilikuwa mdomo wa saba. Watoto wa majirani nao hawakunifukuza hata siku moja, ila kila nilipofika mchezo ulikuwa ndiyo kwanza umekwisha.

Aliyebaki wangu ni Kapita. Alikuwa mbwa wa baba, rangi ya udongo, sikio moja limelala. Baba alimpa jina hilo la wasimamizi wa kazi kwa utani, maana hakuna kazi aliyowahi kuisimamia isipokuwa kulala mlangoni. Nilimweleza kila kitu. Najua watu wazima hucheka wakisikia mtu anazungumza na mbwa, lakini hapakuwa na mwingine wa kuniuliza nimeshindaje, na yeye angalau aliinua kichwa.

Volkano iliposhuka, mji uligawanyika: wengine walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, sisi tukashika njia ya Sake. Ninachokumbuka zaidi ya moto ni migongo ya watu. Kulikuwa na chukudu nyingi, zile baiskeli zetu za mbao, zimebeba magodoro, milango, hata cherehani. Moja ilituteremkia kwa kasi, mwenyewe akipiga kelele, "Mupishe! Mupishe!" Mimi nilipisha. Kapita alinifuata mimi kwa macho badala ya kutazama njia, na gurudumu likapita juu ya mguu wake wa nyuma.

Nilimbeba kifuani mpaka mikono ikafa ganzi. Shangazi aliniambia nimwache, akaniambia tena, kisha akachoka kuniambia. Tulipofika Lac Vert watu walikuwa wamejaa kila uwanja, na mwanamke mmoja mzee, mrefu, mwenye kikwembe kilichopauka kiunoni, alitutazama kutoka mlangoni kwake. Hakumtazama shangazi wala wale watoto watano. Alitazama ule mguu unaoning'inia.

"Lete hiyo imbwa hapa," alisema. "Mufupa haiulize kama ni ya mutu ao ya nyama."

Watu wote walimwita Koko, kama tunavyowaita mabibi wote kwetu. Alikuwa ametoka milima ya Masisi zamani, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kinyarwanda kama cha nyumbani kwetu. Alipapasa mguu wa Kapita kwa vidole, amefumba macho. Akapaka siagi ya ng'ombe, akaufunga kwa vijiti na maganda laini ya mgomba. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kuku wake. Alikuwa naye mmoja tu.

Alimvunja mguu mbele yangu. Nilisikia ule mlio mdogo, nikalia kuliko nilivyomlilia Kapita.

"Usilie, mwana wanjye," alisema, yaani mwanangu, huku akimfunga kuku kwa kitambaa na vijiti kama vile vya Kapita. "Sasa iko mugonjwa moja, haiko mbili. Mukono yenye italisha kuku njo italisha imbwa. Siku kuku itatembea, tutafungua imbwa, nayo itatembea. Mbele ya ile siku, hapana."

Waungaji wengi wa mifupa kwetu walifanya hivyo, na wengine wanafanya mpaka leo. Kuku hupona upesi, kwa hiyo ukimtazama kuku unajua siku za mgonjwa zimebaki ngapi. Labda ndiyo maana yake yote, kalenda yenye manyoya. Lakini hakuna mtu aliyeniambia hivyo nikiwa na miaka tisa.

Moto ulipopoa, shangazi alikwenda kutazama nyumba. Ilikuwa imesimama, ila imejaa ndugu ambao nyumba zao zilikuwa zimeungua. Akaja kuchukua watoto wake, na mimi akaniambia waziwazi:

"Pale hakuna nafasi ya imbwa ya kulemaa. Nitakuwa nakuja kila siku ya yenga. Kuku ikitembea, nitawachukua nyote mbili. Isipotembea, utakuja peke yako."

Basi nikabaki, mimi na Koko na wagonjwa wawili. Kila asubuhi niliteka maji, nikamlisha kuku mtama na Kapita vichwa vya sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwa mkono uleule wa kulia, nisije nikaharibu dawa. Nilimchunga kuku yule kuliko mtoto mchanga. Mtu akipita karibu na kikapu chake nilikikinga kwa mikono.

Koko alizungumza sana. Ilikuwa kama maneno yake yalikuwa yamepangwa stoo miaka mingi, na sasa amepata mnunuzi. Alinihesabia ng'ombe wake kwa majina, wale walioliwa na askari wa huku na wale walioliwa na askari wa kule. Alikuwa na wana watatu. Mmoja alichukuliwa na waasi, wawili walikimbia wasichukuliwe, na hakuna aliyerudi kati ya aliyechukuliwa na waliokimbia. Jioni aliniuliza, "Umeshinda aje?" ingawa tulikuwa tumeshinda pamoja kutwa nzima. Nilimjibu kwa kifupi. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kikapu.

Yenga ya kwanza, yaani Jumapili ya kwanza, shangazi alikuja. "Bado," Koko alisema. Ya pili, bado. Ya tatu, bado.

Jumapili ya nne niliamka mapema, kumekucha lakini jua halijatoka, nikatoka nje kujisaidia. Nikamwona kuku kwenye migomba. Alikuwa anatembea. Anachakura kwa mguu ule uliovunjika, anarudi nyuma, anadona, kama kuku yeyote asiye na shida duniani. Nilifungua kinywa nimwite Koko.

Lakini mwenyewe alitokea upande wa pili. Alimnasa kuku kwa mikono miwili, taratibu, akachuchumaa. Akatoa kamba kwenye upindo wa kikwembe, akamfunga ule mguu juu, akazungushia vijiti na kitambaa, akamrudisha kikapuni. Alifanya upesi, kama mtu aliyekwisha kufanya hivyo asubuhi nyingi.

Nilirudi ndani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Kapita, nikamsimamisha kwa nguvu nione, naye akalia kwa maumivu. Leo najua alilia kwa sababu nilimvuta. Siku ile nilijua jambo lingine: kuku amefungwa, na mguu wa mbwa wangu umefungwa naye.

Shangazi alipofika, Koko alikuwa na viazi motoni. "Bado," alisema bila kutugeukia. "Mufupa ingali laini. Yenga yenye inakuja, pengine."

Shangazi akavuta pumzi. Nilijua pumzi ile. Ilikuwa ya mtu anayetaka kusema kwamba mbwa atabaki. Nikamvuta mpaka njiani, nikasema.

"Koko ni mulozi. Anafungaka kuku asubuhi, Kapita asipone."

Sikuongeza hata neno moja la uongo. Uso wa shangazi ulibadilika. Aliingia, akambeba Kapita mwenyewe, yeye ambaye hakutaka kumgusa, akanishika mkono, tukaondoka. Koko alisimama mlangoni na sahani.

"Mungoje mukule kwanza," alisema.

Hatukugeuka.

Mabanga tulifungua vile vijiti. Mguu ulikuwa umeunga, umepinda kidogo tu, na siku ya tatu Kapita alikuwa anatembea uwanjani akinusa wageni. Kuku alikuwa bado amefungwa kule Lac Vert na mbwa anatembea huku Mabanga. Kama ningekuwa na akili ya leo ningeona kwamba kamba ile haikumfunga mbwa. Shangazi aliona tofauti. Alisema tumemwokoa kwenye makucha ya mlozi, na akasema hivyo kwenye bomba la maji, na sokoni, na kanisani. Watu wakaongeza chumvi. Lisemwalo lipo, wakasema, na wana wake watatu je, walikwenda wapi? Akina mama waliokuwa wakimpelekea watoto wao waliovunjika wakaanza kuwapeleka kwingine. Hata mama aliporudi kutoka Bunagana, barabara ilipofunguliwa, habari hiyo aliisikia kabla hajanikumbatia.

Miaka ikapita, na risasi zikakaribia mji tena, tukashika tena njia ya Sake. Kapita alitembea mbele yangu kwa miguu yake minne. Mtu anapokimbia vita hubisha mlango wowote, lakini uwanja wa Koko ulikuwa mtupu. Watu walijazana kulia kwake na kushoto kwake. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, amekonda, macho yameingia ndani. Alimwona mbwa kwanza, kisha mimi.

"Kumbe iko natembea," alisema.

"Iko natembea, Koko."

"Muzuri."

Akajivuta hadi ukingoni mwa mkeka, ikabaki nafasi ya mtu mmoja. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa kwamba ni nafasi yangu. Shangazi akaniminya kiganja, nami nikafuata kiganja changu. Tuliporudi baada ya wiki mbili mlango ulikuwa umefungwa kwa waya, na kila jirani alikuwa na lake: amekufa, amechukuliwa na ndugu, ameondoka peke yake. Nililia kwa aibu, na hakuna niliyeweza kumweleza kwa nini.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi sijui mifupa, na sijui kuku ana siri gani. Najua tu kwamba mwanamke yule alivunja mguu wa kuku wake wa pekee kwa ajili ya mbwa wa mtoto asiyemjua, na kwamba baadaye alitaka Jumapili moja zaidi.

Watoto wangu wamekwenda, mmoja Kampala, mmoja Kinshasa, na mume wangu alitangulia. Juzi jirani alikuja kuomba kiberiti, mvua ikamkuta kwangu, tukakaa tukaongea. Aliposimama nilimwambia, "Ungoje kidogo, mvua haijaisha." Nje ilikuwa imekatika zamani, nilikuwa nasikia watoto wanacheza kwenye madimbwi. Naye alisikia, nadhani. Alikaa tena, akanywa chai ya pili, akaondoka jioni, na hakuna mtu aliyeniita mlozi.