Mkate Alioogopa Labib

Siku hizi kila mtu hapa kijijini anamsifu ndugu yangu Wanis. Mtu wa Mungu, wanasema, mkate wake una baraka. Niulizeni mimi, Sabra, dada yake niliyembeba mgongoni. Wanis aliingia kazi ya kanisa kwa kisasi. Alitaka kumtesa binamu yetu Labib, na aliyempa wazo hilo ni mimi, wala sijutii.

Zamani Ukristo wa Wanis ulikuwa ule msalaba wa wino aliochanjwa kwenye kifundo cha mkono akiwa mtoto. Basi. Siku ya Matawi alikuja, na Pasaka alikuja kwa ajili ya nyama. Wakati wa Kwaresima, sisi wengine tukila maharage mpaka yanatutoka puani, yeye alipeleka miwa mjini akarudi ananuka mayai ya kukaanga, nayo mayai kwenye mfungo ni marufuku. Ukimuuliza, anasema alikaa karibu na mtu aliyekula mayai. Jumapili aliingia misa ikiwa katikati, akaegemea nguzo ya mwisho, na mahubiri yakianza anatoka nje kuvuta sigara.

Kuchelewa kwake kulikuwa na sababu. Kanisani kwetu, kabla ya sala kuu, shemasi hututaka tupeane amani. Kila mtu anampa mkono aliye karibu naye, kisha anabusu vidole vyake mwenyewe. Wanis hakutaka kumpa Labib mkono, kwa hiyo alingoja amani ipite ndipo aingie. Mimi nilikuwa ndani upande wa wanawake, na mke wa Labib, Nargis, alipenda kusimama jirani yangu. Akinyoosha mkono tu, mimi naanza kutafuta leso yangu.

Labib ni mtoto wa baba yetu mdogo na shamba lake limepakana na letu. Mwaka mmoja aligombana na Wanis kwa zamu ya maji ya mfereji, wakatukanana mbele ya watu. Siku chache baadaye tulimkuta Warda, nyati wetu wa kufugwa wa maziwa, amekufa zizini povu limemtoka. Kinywani mwake kulikuwa na mkate umetafunwa nusu, na mkate ule ulinuka dawa ya panya.

Warda ndiye aliyekuwa akitulisha. Mama yetu alimkamua kwa mikono yake na kutengeneza samli iliyosifiwa mpaka kijiji cha pili. Baada ya hapo mama alishinda amekaa kando ya hori tupu, hataki kula, hataki kusemeshwa, na haikuchukua muda tukamzika. Labib alikuja kwenye matanga, akakaa kwenye mkeka wetu, akanywa kahawa yetu, akaapa kwa Injili kwamba hajui lolote. Shahidi hakuwepo. Wanis akameza, mimi nikameza, lakini chakula cha namna ile hakishuki.

Kisha mzee Qulta, aliyekuwa akioka mkate wa kanisa, akafariki. Padri wetu, Abuna Mettaos, akamwita Wanis kwa kuwa alifanya kazi ya uokaji alipokuwa jeshini. Wanis akakataa. Aliponiletea habari nyumbani akicheka, mimi sikucheka. Nilimwambia, "Oka. Kila Jumapili Labib atakula kutoka mkononi mwako. Tuone koo lake litapitisha nini."

Akaenda kumwambia Abuna amekubali.

Jumapili ya kwanza alisimama mlangoni misa ilipokwisha, kapu mkononi, watu wakatoka wakichukua kila mmoja mkate wake mdogo wa duara wenye mihuri ya misalaba. Labib alipofika akauona mkate, akamwona anayeutoa, akarudisha mkono. Akasema tumbo linamsumbua. Jumapili iliyofuata akasema jino. Baadaye akaacha hata kutoa visingizio, akawa anapita upande wa pili wa mlango kainamisha kichwa. Mkate wa altare nao ulitoka tanuri lile lile, kwa hiyo akaacha hata kushiriki.

Hakuna aliyemshtaki. Lakini watu wana macho, na wote walikumbuka kilichokutwa kinywani mwa Warda. Anayeogopa mkate ni yule anayejua mkate unaweza kufanya nini. Kisimani wanawake walianza kumpiga Nargis vijembe, wakimuuliza kama mumewe siku hizi anaishi kwa upepo. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikanenepa.

Tatizo lilikuwa Wanis. Kazi ile ina masharti yake. Mwokaji anaingia kwenye chumba cha tanuri alfajiri akiwa hajala, amenawa, na akikanda unga hatakiwi kuongea ila kusoma zaburi. Mwanzoni alizisoma mbio mbio kama mtu anayetafuna mchanga, ili amalize. Baadaye nikipita dirishani namsikia anasimama katikati, anarudia mstari mmoja. Sigara akaacha. Kwaresima ikaja, akarudi kutoka mjini bila harufu ya mayai. Akaanza kufika kanisani kabla ya mwenye funguo. Nikamtania kwamba anataka kuvishwa joho la padri uzeeni.

Siku moja nilimpelekea kuni nikamkuta amekaa sakafuni, muhuri wa mkate umelala mapajani, donge la unga limeumuka mpaka limefurika.

"Dada," akasema, "kila nikigonga muhuri huu namwona Labib anavyotetemeka, na roho yangu inasuuzika. Halafu mkate huo huo unakwenda altareni."

Nikamwambia mkate uende salama, Mungu anamjua Labib vizuri kuliko sisi.

"Ninaoka sumu, dada. Labib hajakosea kuogopa."

Nilisonya nikaondoka. Nilijua ninaibiwa kisasi changu.

Jumapili ile Labib alipotoka, akipita upande wake wa pili, Wanis aliweka kapu chini akamfuata. Watu wakasimama. Labib akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Wanis akaumega mkate mmoja, akala nusu, akaitafuna taratibu na kuimeza, kisha akamnyooshea nusu iliyobaki.

"Nilitaka uogope," akamwambia. "Nimeoka kwa ajili hiyo tangu siku ya kwanza. Nisamehe, binamu. Kula."

Sauti ya Labib ilikuwa ya mtoto. "Na Warda?"

"Warda nimeshamlilia."

Labib akaupokea, akautia mdomoni, na machozi yakamshuka huku anatafuna. Alipomaliza akasema mbele ya kanisa zima kwamba ni yeye, ni mkono wake, na tangu siku ile hajawahi kula kitu bila kukinusa kwanza.

Mimi damu ilinipanda. Nilimshika Wanis mkono, nikamwambia amekiri, watu wote wamesikia, sasa ndiyo saa yake, aitishe wazee, mtu huyu afukuzwe kijijini, avuliwe nguo, chochote. Mama yuko kaburini. Wanis aliutoa mkono wangu polepole, akaokota kapu lake, akaendelea kugawa mkate kwa waliobaki. Alimsamehe peke yake. Mimi sikuulizwa.

Wiki ile sikumsemesha. Jumapili nikaenda kanisani ili tu nimwone anavyojidhalilisha, na kweli, mkate wake ukiwa umeshapelekwa altareni, alikuwa amesimama mbele, bega kwa bega na Labib. Shemasi akaita amani. Wakapeana mikono. Nargis, jirani yangu, akanyoosha wake, akaacha unaning'inia hewani, haurudishi. Leso nilikuwa nayo mkononi tayari, sikuwa na cha kutafuta.

Nikampa ncha za vidole. Kisha nikavibusu, kama desturi, na vilinuka samli kutoka mkononi mwake, kama mikono ya mama. Nikamchukia upya palepale. Jumapili iliyofuata nikaenda kusimama tena karibu naye.