Redio ya Mchana ya Halvor Brekke

Mhimili wa mashine ya kuvunia ulikatika Jumatatu alasiri, saa tisa na dakika chache, na Halvor Brekke alijua umekatika kabla hajazima injini. Pipa la kupuria ngano lilisimama ghafla, mkanda ukalia, harufu ya mpira unaoungua ikamfikia kitini. Akashuka, akafungua ubavu wa mashine, akatazama vipande viwili vya chuma ambacho asubuhi kilikuwa kimoja. Mbele yake zilibaki ekari mia mbili na kumi za ngano ngumu, ile ya kutengenezea tambi, imekauka hadi ikawa na rangi ya kaharabu. Mvua ilitabiriwa Jumamosi.

Katika North Dakota ngano ile hulipwa kwa rangi yake. Ikinyeshewa imeshaiva, hupauka. Ikinyeshewa siku mbili tatu mfululizo, huchipua ndani ya suke, na kuanzia hapo ni chakula cha ng'ombe, hata uisifie vipi.

Fundi wa kuchomelea aliuunga mhimili jioni ile ile. Ulizunguka raundi mbili za shamba ukakatika tena, pale pale. Mashine za majirani zilikuwa kila moja kwenye ngano ya mwenyewe, na wavunaji wa kukodi walikuwa wameshashikwa hadi katikati ya Septemba. Na kipuri hakikuwapo. Kampuni iliyounda mashine hiyo ilifungwa miaka kumi na mmoja kabla, na Halvor aliinunua kwa sababu hiyo hiyo: kitu kisicho na vipuri huuzwa rahisi. Alikuwa amejenga maisha yake kwa kununua vitu ambavyo wengine wanaviogopa. Mwaka huo wa 1986 alifikisha miaka hamsini na nane, na alikuwa bado anaamini ndiyo njia bora, ila usiku ule hakuitetea mbele ya mkewe Rosina.

Baba yake alikuwa mpangaji wa shamba, akafa mpangaji. Halvor alianza na lori la kubeba vyuma chakavu, na redio ilikuja pamoja na lori. Aligundua kwamba katika nyanda zile, ambako udongo ni mweusi na hakuna kilima cha kuzuia kitu, redio ya masafa ya kati husikika mbali sana hata jua likiwa utosini. Stesheni ya mji mmoja ikitangaza bei ya ndama mnadani, na stesheni ya mji mwingine maili mia mbili kutoka hapo ikatangaza bei nyingine, mtu anayezisikia zote mbili ana kitu ambacho wenzake hawana. Alinunua kule, akauza huku. Shamba lake la kwanza lilitoka humo.

Hayo ndiyo aliyowaambia watu. Hakuwaambia kwamba alikuwa na daftari, na ndani yake stesheni tisini na saba, kila moja na tarehe, saa na maneno aliyoyasikia, na kwamba nyingi kati ya hizo hazikuwa na mnada wowote. Waya wake wa kunasia mawimbi ulipita juu ya nguzo kuukuu za ua kwa robo maili, ukielekea kusini. Sharti lake lilikuwa moja: stesheni haihesabiwi mpaka isikike kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, kwa maana usiku mawimbi hufika mbali yenyewe. Kwenye mkahawa mjini walimwita Masikio.

"Masikio, jana usiku nimesikia Chicago kwenye redio ya gari," mmoja wao alimwambia siku moja.

"Usiku hata jino lililozibwa linasikia Chicago," Halvor alijibu. "Niambie ulichosikia saa saba mchana."

Jumanne, baada ya kupiga simu kwa wauza vyuma chakavu kumi na wanne na kupata majibu kumi na manne yanayofanana, aliingia kwenye banda lake la redio. Stesheni ndogo za vijijini huwa na kipindi cha soko wakati wa chakula cha mchana. Watu hupiga simu kuuza jokofu, mbuzi, trekta, kitanda cha mtoto. Mtangazaji husoma, wengine hupiga simu kununua. Halvor alikuwa akivifuata vipindi hivyo kwa miaka ishirini. Akazungusha kitufe taratibu kutoka mwisho hadi mwisho.

Saa sita na dakika ishirini, upande wa kushoto kabisa, sauti ya mwanamke ilitokea chini ya mkwaruzo. Ilikuwa nyembamba lakini haikuyumba. Ilisoma tangazo la sofa, likafuata la vitoto vya bata. Kisha ikataja mashine ya kuvunia, kampuni ile ile, muundo ule ule, imesimama kwenye majani, mwenyewe anauza vipande vipande. Halvor akashika kalamu.

"Piga simu namba nne, mbili—" tak, "—tano—" tak, "—na umuulize—" tak.

Ile tak ilitoka kwenye ua wa umeme wa shemeji yake. Ambrose Fettig, kaka yake Rosina, alifuga ng'ombe upande wa pili wa barabara, na tangu Juni alikuwa amezungusha ua mpya. Kila sekunde waya ulipiga pigo moja, na kila pigo lilitua ndani ya redio ya Halvor kama nyundo juu ya bati. Mwezi mzima walikuwa hawaongei vizuri kwa sababu ya ua huo.

Jina la stesheni nalo lilimezwa. Kwenye masafa yale kulikuwa na stesheni kadhaa ambazo zingeweza kufika mchana. Halvor alizipigia mbili alizokwisha kuziandika daftarini. Hazikuwa na kipindi cha soko. Nyingine hakuwahi kuzisikia wala hakujua ziko mji gani. Kilichobaki ni kungoja kesho. Tangazo la aina ile husomwa siku tatu.

"Nenda kamwombe azime kwa nusu saa," Rosina alisema, akimpakulia supu ya viazi na madonge madogo ya unga.

"Ukienda kwa Ambrose kuomba, unarudi umempa trela lako."

"Basi usiombe. Wewe si unajisifu unajua kununua? Kanunue."

Jumatano saa moja asubuhi Halvor alivuka barabara na redio ndogo ya mfukoni. Ambrose alikuwa zizini, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Shemeji," Ambrose alisema bila kugeuka. "Nimesikia mashine imekufa. Pole. Ua siuzimi."

"Sijauliza."

"Ulikuwa unakuja kuuliza. Mwezi uliopita nilizima dakika kumi kwa ajili yako, nikawakuta fahali wangu wawili kanisani."

"Kanisa lenu au letu?"

"La kwenu Walutheri. Padri wetu angeshawabatiza."

Halvor aliliacha lipite. "Hao fahali hawakutoka kwa sababu ulizima. Wanatoka hata ukiwasha. Ule upande wa kaskazini, waya wako hauna nguvu ya kumfukuza paka."

Ambrose akageuka. Hilo lilikuwa kweli, na alikuwa hajamwambia mtu. Alishabadilisha mashine ya umeme mara mbili.

"Nani kakwambia?"

"Redio yangu. Ua usio na kasoro haulii, shemeji. Ukilia, ujue umeme unavuja mahali. Unachonipigia mimi mchana kutwa ni umeme wako unaokwenda ardhini. Nitakutafutia unapovuja kabla ya saa tano. Malipo yangu ni kwamba ukishaziba, nitapata ukimya."

"Usipopaona?"

"Unachukua trela."

Ambrose alifikiri kidogo. "Lile lenye matairi mapya?"

"Hilo hilo."

Wakatembea. Halvor aliiwasha redio ndogo kwenye masafa yasiyo na stesheni, akaishika karibu na waya. Tak ilikuwa hafifu. Kila baada ya nguzo ishirini iliongezeka. Kwenye bonde la matete ikawa kali hadi Ambrose akakunja uso, walipovuka ikapungua, wakarudi nyuma. Kulikuwa na nguzo moja ya chuma ambayo plastiki ya kuushikia waya ilikuwa imepasuka. Jicho lisingeona. Halvor akaikinga kwa kofia, wakainama kwenye kivuli, wakaona cheche ya buluu inaruka kila sekunde. Nguzo sita mbele kulikuwa na nyingine.

Saa nne na nusu plastiki mpya mbili zilikuwa zimefungwa. Ambrose alipeleka kipimo upande wa kaskazini, akakisoma, akakisoma tena.

"Trela ningelipenda," alisema.

"Najua."

Saa sita na robo Halvor alikuwa mbele ya redio, na mkwaruzo ulikuwa mkwaruzo mtupu, usio na pigo ndani yake. Yule mwanamke akaja. Akataja jina la stesheni, akataja mji, kaskazini mwa Nebraska, akasoma sofa, ambayo ilikuwa bado haijapata mtu, akasoma mashine ya kuvunia, na namba nzima ya simu kutoka tarakimu ya kwanza hadi ya mwisho. Mwenyewe aliitwa Cletus Vondracek. Halvor alipima ramani kwa rula: maili mia mbili na themanini. Aliandika namba tisini na nane kwenye daftari kwanza, ndipo akapiga simu.

Kwenye simu hakusema anatoka wapi. Alisema yuko "upande wa kaskazini kidogo" na atapita jioni.

"Ukifika usimwambie umesafiri," Rosina alimwambia, akimpa chupa ya kahawa na mikate ya viazi. "Mtu akijua umetoka mbali, anajua huwezi kurudi mikono mitupu."

"Unanifundisha mimi?"

"Nakukumbusha."

Kabla ya kuingia mji wa Vondracek alisimama kando ya kijito, akapaka matope kwenye vibao vya namba za pikapu, mbele na nyuma, jina la jimbo lisisomeke. Alifika saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa bado juu. Mashine ilikuwa katika magugu hadi kiunoni. Halvor alilala chini yake na tochi. Mhimili ulikuwa mzima, una grisi kavu, haujawahi kuguswa.

"Una kutu," alisema alipotoka.

Vondracek alikuwa mzee mwembamba aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akichonga kijiti. "Kila kitu hapa kina kutu. Hata mimi."

"Dola arobaini."

"Tangazo lilisema tisini."

"Tangazo husema kitu cha kuanzia. Arobaini na tano, na ninaufungua mwenyewe."

Mzee akachonga. Alikuwa anaelekea kukubali dola hamsini na tano. Halvor aliliona hilo kwenye mabega, alikuwa ameona mabega mengi. Ilibaki kunyamaza.

"Nimeshangaa kwamba umesikia," Vondracek alisema, kwa kupoteza muda tu. "Ile redio yetu ni bure kabisa. Dada yangu yuko maili thelathini, anasema haifiki."

"Inafika."

"Haifiki. Mkwewe alimnunulia redio mpya, na bado."

"Tatizo ni redio ya dada yako," Halvor alisema. "Ile stesheni ina mnara mzuri sana, umekaa kwenye udongo wenye unyevu. Leo saa sita na robo mchana, jua utosini, nimeisikia maili mia mbili na themanini, neno kwa neno. Mpaka sofa."

Kisu kilisimama. Vondracek akalitazama lile pikapu lililopakwa matope kwenye vibao tu, na kwingine kote safi. Akafunga kisu, akakitia mfukoni.

"Maili mia mbili na themanini," alisema. "Basi nimebadili mawazo. Siuzi vipande. Nauza mashine nzima. Dola mia mbili."

Halvor hakubisha sana. Alijaribu mia moja na thelathini kwa sababu mtu hujaribu, akajibiwa na wingu la moshi wa sigara. Ngano ilikuwa imesimama na Jumamosi haikuwa mbali. Akalipa mia mbili.

"Kwa hiyo mashine yote ni yangu," alisema.

"Yote."

Akaleta sanduku la vifaa. Akatoa mhimili kwanza, akauweka mbele kwenye pikapu. Kisha akatoa beringi zake, mikanda yote minne, minyororo, pampu, taa za mbele, usukani. Mzee alitazama saa nzima, akivuta sigara. Halvor alipoanza kufungua bolti za kiti, Vondracek akainuka kwenye ndoo.

"Kiti hicho huwa nakikalia jioni."

"Dola thelathini."

"Bwana wee."

"Maili mia mbili na themanini," Halvor alisema, akaendelea kuzungusha spana.

Mzee alikikomboa kiti kwa dola ishirini na mfuko wa mahindi mabichi.

Mhimili uliingia mahali pake Alhamisi saa nne asubuhi. Ambrose alikuja kusaidia kuinua, bila kuitwa, akaichukua mikanda miwili ya ziada kwa bei ambayo Halvor aliona ni ya haki. Walivuna hadi Jumamosi saa tano asubuhi, na matone ya kwanza yalipogonga kioo zilikuwa zimebaki ekari kumi na nane upande wa barabara. Hizo zilipauka, zikaenda kwa ng'ombe wa Ambrose.

Rosina aliulizia bei ya mhimili wakati wa chakula cha mchana. Halvor akamwambia, na akamwambia kwa nini.

"Kwa hiyo ulijisifu," alisema.

"Alisema haifiki."

Rosina alimsogezea mahindi. Mvua ilikuwa inapiga paa. Saa sita na robo Halvor aliondoka mezani, akaenda bandani kuona kama udongo ukilowa stesheni ile huongezeka nguvu. Iliongezeka. Sofa ilikuwa imepata mtu.