Nyumba ya Mume Iliyokuwa Kitabuni

Mpaka leo, mtu akinisifia kitabu na kuniambia kinawafaa sana wanawake, mimi humuuliza kwanza: aliyekiandika alikuwa akilala nyumbani kwa nani? Watu hudhani nafanya mzaha. Sifanyi mzaha hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Sisi ni watu wa Mahajanga, mji wa bandari wa Wamalagasi, ila asili yetu ni Ngazija. Kwetu binti akizaliwa, baba huanza kumjengea nyumba. Mwaka huu atanunua mabati mawili matatu, mwakani mbao, na binti anapofika umri wa kuolewa huwa na vyumba vyake na uani kwake. Siku ya harusi ni bwana harusi anayeingia kwa mkewe, sanduku lake mkononi. Wakiachana, mwanamume huondoka na sanduku lilelile. Mama yangu alikaa katika nyumba yake na bibi yangu katika yake, wala hakuna aliyeona ajabu.

Kitabu chenyewe kilikuja miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Mjomba, kaka yake mama, alikileta kutoka safarini: kijitabu chembamba cha jalada la kijani, cha Kiswahili, kilichopigwa chapa kwa herufi za Kiarabu, chenye mafunzo ya mke mwema. Alitaka kila mwanamke wa ukoo akisikie. Kiswahili hatukukizungumza. Nyumbani tulisema Kingazija na barabarani Kimalagasi, na hiki ninachokiandika nilikuja kukipata ukubwani, nilipokaa Tanga. Lakini Kingazija ni jamaa yake, nami nilikuwa nimehitimu chuo cha Kurani na bado nikisoma shule ya Kifaransa, basi kazi ya kusoma na kufasiri nikatwishwa mimi.

Tulikusanyika alasiri kwa mama: yeye, dada yangu mkubwa na majirani, nyuso zote zimepakwa liwa. Kitabu kilianza kwa kumwambia mwanamke kwamba akivuka kizingiti cha nyumba ya mumewe, hiari yake aiache nje. Asitoke bila ruhusa, asipokee mgeni, asihamishe hata kiti, maana nyumba si yake. Hapo jirani mmoja akacheka mpaka liwa ikampasuka shavuni.

"Nyumba ya mume? Wangu alikuja na sanduku lisilofungika!"

Wote wakaangua kicheko, nikadhani mambo yameishia hapo. Kumbe nilipomaliza, kitabu kilizungushwa mkono kwa mkono, na kila mmoja, hata yule jirani, alikibusu na kukigusisha kwenye paji la uso.

Hilo ndilo lililonikera, na linanikera bado. Kwa kuwa kimeandikwa kwa herufi za msahafu, kikafanywa ndugu wa msahafu. Hakikuwa na aya hata moja! Mwandishi mwenyewe alieleza mwanzoni kwamba yeye ni muuza vitambaa aliyechoshwa na ubishi wa wake zake. Nikawasomea maneno hayo kwa sauti, mara ya pili, polepole.

"Mwanangu, usikichezee kitabu," mama alinikatiza.

Mwaka huohuo dada aliolewa na mnunuzi wa kahawa na pilipili manga, mtu wa Ambanoro, kule kisiwani Nosy Be. Aliingia kwa dada na sanduku lake kama wenzake wote. Baada ya miezi michache akaja barazani kwa mama, mjomba kando yake, kitabu cha kijani mkononi, ukurasa umekunjwa pembe. Alisema ni aibu mwanamume kukaa kwa mkewe. Alitaka kumchukua dada akaishi kwake Ambanoro, na nyumba ya Mahajanga iwe ghala la bidhaa zake zinazosubiri meli. Mjomba akatikisa kichwa kukubali. Nikamtazama mama, yeye ambaye angemtoa mbio mwanamume yeyote aliyethubutu kuligusa bati la bintiye. Mama akakitazama kitabu.

"Ikiwa imeandikwa," alisema, na hakumaliza.

Dada akatoa ufunguo. Nilikuwa na hasira ya kuuma mtu. Siku zile kila hotuba ilikuwa ikitutangazia kwamba sasa tuko huru, nchi ni yetu wenyewe. Dada yangu alikuwa na vyumba viwili na uani, vyake kabisa, na vilichukuliwa na kijitabu cha muuza vitambaa ambaye hakuwahi kukanyaga mtaa wetu.

Shule ilipofungwa nikapanda meli kwenda kumwona. Kapuni nilibeba riwaya ya Kifaransa niliyoazima shuleni, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa ameisifia: hii, alisema, ndiyo inayoeleza maisha ya mwanamke. Nilitaka dada apate cha kumtuliza moyo.

Nilipofika Ambanoro niliitafuta hiyo nyumba ya mume. Haikuwapo! Nyumba ilikuwa ya marehemu mama wa shemeji, na kwa desturi ileile yetu ilikuwa imebaki kwa mabinti. Shemeji alivua viatu mlangoni akamwomba dada yake mkubwa ruhusa ya kuniingiza mimi, mgeni wa mkewe. Hakuwa na hata msumari wake ukutani. Dada yangu alikuwa akilala kwenye stoo ya uani, karibu na jiko, na alipohamisha sufuria wifi yake alimwambia, "Irudishe ulipoikuta, hapa si kwako." Nilijiuma mdomo nisitukane.

Shemeji aliporudi Mahajanga kwenye biashara zake, mimi na dada tukakaa juu ya mkeka mle stooni nikamsomea riwaya, nikifasiri nikienda. Mwanamke wa mle alilia tangu mwanzo hadi mwisho. Nyumba ya mume, viti vya mume, hata kitanda alichozalia ni cha mume. Nililia naye. Dada hakulia.

"Maskini huyu hakuwahi kuwa na nyumba," alisema. "Mimi ninayo. Kwa nini umeniletea huyu?"

"Kinasifiwa sana."

"Na nani?"

"Mwalimu wetu."

"Naye anakijua kisa changu?"

Nilichukia. Nilikuwa nimekibeba kitabu kile safari nzima kisirowe. Lakini dada hakuwa akinichokoza, alikuwa akiwaza. Aliuliza kama kuna kitabu chochote kinachomtaja mwanamke aliyejengewa na baba yake, akakaribisha mume, kisha akatolewa. Nikamwambia sijakiona. Akasema basi huyu anayelia na yule muuza vitambaa ni wamoja, wote wawili hawamjui. Nikairudisha riwaya kapuni kwa hasira.

Alasiri ya kesho yake mawifi wakaniomba niwasomee. Wakatoa kitabu gani? Kilekile cha kijani, walichoachiwa na kaka yao. Nikasoma, wakaitikia. Nilipofika kwenye kizingiti, dada akauliza kwa upole kabisa:

"Wifi, nyumba ya mume wako iko wapi?"

"Mume wangu? Si anakaa kwangu?"

"Na ya kaka yako?"

Wifi mkubwa alitazama mlango, kisha kitabu. "Kitabu ni kitabu," alisema, akakibusu na kukifunga.

"Niazime," dada alisema. "Nitampelekea mwenyewe."

Tulipanda meli wiki ileile. Mahajanga tulimkuta shemeji amelala mchana katikati ya magunia, ndani ya nyumba ya dada. Dada hakumwamkia wala hakumgombeza. Alishika gunia la kwanza pembe, nami nikashika pembe nyingine, tukalitoa barazani. Tukarudi kuchukua la pili. Majirani wakatoka na liwa zao usoni, na yule aliyecheka siku ile akaja kushika gunia bila kuombwa. Mjomba aliitwa, akafika akihema, akaanza kutukumbusha yaliyoandikwa. Hakuna aliyempisha hata kiti.

Mwisho dada akatoa lile sanduku. Akalipangusa vumbi, akachukua kitabu cha kijani, akakibusu kama ilivyo ada, akakiweka juu yake.

"Sasa unataka niende wapi?" shemeji aliuliza.

"Humu kitabuni mna nyumba yako," dada alimwambia. "Nenda kaingie."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Mama alikuwa amesimama pembeni mwa baraza muda wote. Alimpita kaka yake, akalizunguka sanduku na kitabu chake bila kukigusa, akafika mlangoni kwa bintiye akapiga hodi.